Mama Cheche Aaga Koili Zake kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika hospitali hii, karibu yote akiwa karakana, fundi wetu wa umeme wa magari, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Cheche tu, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Wenye kumbukumbu nzuri watasema sentensi hii wameshaisoma. Ni kweli. Waliisoma miaka minne iliyopita, wakaisoma tena mwaka juzi, na mara zote mbili aliyeiandika ni mimi, mtunza stoo wa karakana. Mara zote mbili tulikunywa soda, tukapiga makofi, tukampa zawadi, na mara zote mbili mwenye zawadi akarudi kazini. Nimechoka kumuaga mtu yuleyule. Ila safari hii inabidi aende kweli, na kwa nini inabidi nitaeleza huko mbele.

Tuanze na historia, kama inavyotakiwa. Mama Cheche hakuletwa hapa kutengeneza magari. Aliajiriwa chumba cha ushonaji, kile chumba kirefu nyuma ya sehemu ya kufulia, kazi yake kupinda mashuka na kutia viraka makoti ya madaktari. Cherehani ya umeme ya chumba hicho ilikuwa na tabia ya kuzimika ovyo, na fundi wa kuitengeneza alikuwa na tabia ya kutokuja. Siku moja akaifungua mwenyewe kwa mkasi, akakuta waya umekatikia ndani ya mpira wake, akauunga, akaendelea na mashuka yake. Habari zikafika karakana. Bosi wa karakana wa wakati ule, Mungu amrehemu, akaenda kumwazima kwa siku moja tu aje aangalie taa za gari la wagonjwa. Chumba cha ushonaji kinatudai mpaka leo.

Hospitali ikampeleka chuo cha ufundi, akarudi na cheti pamoja na overoli iliyompwaya kila upande. Overoli aliipunguza mwenyewe kabla ya kushika spana. Hao waliokuwa wakiuliza mwanamke atafanya nini chini ya bonati walipata jibu baada ya muda si mrefu, na baadhi yao walikuja kumwomba awapunguzie na zao.

Watu hudhani jina lake lilitokana na ukali. Ukali anao, sitadanganya kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, lakini jina lilitokana na mtindo wake wa kufunga milango ya karakana mchana kweupe. Gari likija injini inatetemeka na kukosa nguvu, ile hali tunayoiita kumisi, alikuwa anafunga milango yote mpaka ndani kuwe giza. Anawasha injini, ananyunyiza maji kidogo juu ya koili, kiasi cha kupigia pasi, halafu anainama na kutazama. Koili yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, hutoa cheche ya bluu inayokimbilia chuma cha injini badala ya kushuka kwenye plagi. Sisi wengine tulikuwa tunagongana gizani na kukanyagana vidole. Yeye akishaiona alikuwa anasema tu kwamba ndiyo ile pale, na milango inafunguliwa.

Kwa wenzetu wa wodini na wa ofisini, nieleze kidogo. Koili ni kidude kinachokaa juu ya plagi ya injini. Kinachukua umeme mdogo wa betri na kuukuza mpaka uweze kuruka mwanya wa plagi na kuwasha petroli. Kikifa, silinda moja inalala, gari linatetemeka, na likikutana na mlima linakata tamaa. Kwa kuwa ni kidogo na kinabadilishika kwa dakika chache, watu hawakiheshimu. Kimekufa, weka kipya, funga bonati, twende.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya hata sisi, mpaka siku gari la wagonjwa lilipozimika katikati ya mlima wa kuja hapa, ndani yake kuna mama mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa palepale barabarani, mikononi mwa muuguzi, huku dereva wetu tunayemwita Breki ameshika mwavuli na kugeukia upande mwingine kama askari wa lindo. Mama na mtoto walifika salama, na kisa kile kikawa kichekesho cha karakana kwa miezi mingi. Mama Cheche hakucheka. Koili ya gari lile aliiweka yeye, wiki ileile, mpya kutoka kwenye boksi.

Aliitoa tena, na safari hii akatoa na plagi iliyokuwa chini yake. Plagi ilikuwa imelika, mwanya wake umepanuka, na koili ilikuwa inajikamua kupita uwezo wake ili umeme uruke. Ile mpya ilikuwa imekufa ugonjwa uleule ulioua ya zamani. Alikaa juu ya tairi bovu na plagi ile mkononi, akatuambia kwamba sisi tulikuwa tunazika tu, hakuna aliyekuwa anauliza marehemu kafa kwa kitu gani.

Kuanzia hapo ikaja ile sheria ambayo mafundi wageni huiona ya kichaa. Koili mpya haitoki stoo bila maiti. Anayeitaka analeta dirishani kwangu ile iliyokufa, pamoja na plagi yake, anaviweka juu ya meza, na anasema kilichoiua. Akisema imekufa tu, anarudi mikono mitupu. Nimetukanwa sana kwenye dirisha lile. Nimeitwa bahili, nimeitwa hakimu, nimeitwa na majina mengine ambayo kamati ya sherehe imeniomba niyaache. Kila aliyenitukana nilimwelekeza kwa Mama Cheche, na huko sikusikia aliyetukana.

Majibu, tulipoanza kuyatafuta, hayakuwa mengi. Muuaji mkubwa ni plagi iliyochoka, kwa hiyo plagi zikawa zinatolewa kila sevisi, zinapimwa mwanya, na zinabadilishwa kabla hazijaanza kulalamika. Anayefuata ni mafuta ya injini yanayovuja kwenye gasketi ya juu, kile kizibo chembamba cha mfuniko wa injini, yanatiririkia kwenye shimo la plagi na kulowesha mpira wa koili mpaka unavimba kama mkate uliotumbukia chai. Kuna boliti isiyokazwa, koili ikawa inatikisika barabara nzima. Kuna kutu kwenye soketi ya waya, kuna betri iliyochoka, kuna injini inayochemka kila siku na dereva anaongeza maji tu na kuondoka.

Halafu kuna mikono yetu wenyewe. Mafundi tulikuwa tunang'oa koili injini ikiwa bado ya moto, tena kwa kuvuta waya. Yeye alikuwa anaacha injini ipoe, hata kama dereva amesimama mlangoni anaangalia saa. Kisha anaizungusha koili kidogo kushoto, kidogo kulia, ikishaachia ndipo anaiinua wima, polepole, kama anayetoa sindano iliyokwama kwenye kitambaa kizito. Wakati wa kurudisha, anakausha shimo kwa kitambaa safi, anatia tone la grisi ya umeme ndani ya mpira, anabonyeza soketi mpaka isikike imeshika. Hakuna uchawi wowote hapo. Ni kazi ndogo zinazochosha, zinazorudiwa kila sevisi, na ambazo hakuna mtu atakusifia kwa kuzifanya kwa sababu gari halikuharibika.

Madereva nao hawakupona. Aliwaambia injini ikianza kumisi leteni siku hiyohiyo, maana koili inayougua ukiendelea kuikimbiza unaimaliza, na vingine unavimaliza nayo. Breki alikuwa mbishi. Alikuwa na imani kwamba gari likitetemeka dawa yake ni kukanyaga mafuta zaidi. Mama Cheche alimkalisha ndani ya gari linalotetemeka, bonati wazi, milango imefungwa, akamwonyesha ile cheche ya bluu inavyokimbia. Tangu siku hiyo hata redio ya gari ikikwaruza analileta karakana.

Koili zikaanza kuishi. Rafu yangu ya koili ikashika vumbi. Yule muuza vipuri aliyekuwa akituletea mzigo kila mara alikuja akiwa mnyonge, akauliza ametukosea nini mpaka tumehamia kwa mtu mwingine. Ilibidi nimpitishe stoo aone boksi zake mwenyewe, bado hazijafunguliwa. Hiyo ndiyo medali ya Mama Cheche. Hatujawahi kumpa nyingine inayofanana nayo.

Sasa nifike kwenye sehemu isiyo na soda.

Mama Cheche ana mume, mwalimu mstaafu, nasi humwita Mwalimu. Daktari wa macho, wa hospitali hii hii, alimweleza miaka kadhaa iliyopita kwamba macho yake yanafifia kuanzia pembeni, na kinachopotea hakirudi. Binti yao mkubwa anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ana watoto watatu ambao babu yao amewaona kwenye picha zaidi kuliko ana kwa ana. Mpango wao ulikuwa mwepesi kabisa. Mke astaafu, waende wakakae kwa binti, Mwalimu akawaone wajukuu zake sawasawa wakati bado anaona. Mizigo waliifunga wiki ileile tuliyomuaga mara ya kwanza.

Walikuwa wanangoja chumba chao kule kwa binti kikauke rangi tu. Katika siku hizo za kungoja, karakana ikaambiwa wakaguzi wanakuja. Tukataka kupendeza. Tukachukua pampu ya maji ya kuoshea magari tukafungua bonati moja baada ya nyingine, tukazipiga injini maji ya nguvu mpaka zikang'aa kama masufuria ya harusi. Wakaguzi walitusifu, tukapiga nao picha. Maji yakaingia kwenye mashimo ya plagi, yakatulia humo. Kabla wiki haijaisha magari yalikuwa yanamisi kwa zamu, na bosi wetu wa sasa, kwa kuchanganyikiwa, akaamuru dirisha langu litoe koili bila maswali. Tukaziweka mpya juu ya maji yaleyale. Nazo zikafa. Bosi akashika simu.

Mama Cheche alikuja kwa siku mbili. Alikausha mashimo, akabadilisha plagi, akatukaripia kila mmoja kwa zamu yake. Siku mbili zikazaa mkataba, mkataba ukazaa mwingine, na mizigo ikafunguliwa.

Mara ya pili, mwaka juzi, hakuna aliyeosha injini. Tulikuwa tumepata fundi wa kushika nafasi yake, mtu mzima, baba wa watoto wanne, tunayemwita Haraka kwa sababu hajawahi kuonekana akiharakisha. Kazi anaijua. Kinachomsumbua ni kutojiamini. Kila alipofungua bonati alipiga simu. Plagi hii aibadilishe au bado? Mpira huu umevimba au ndivyo ulivyotoka kiwandani? Mama Cheche alijibu zote. Baadaye akaanza kupita karakana kuangalia tu, kama alivyosema, na anayeangalia tu huku ameshika spana tunajua mwisho wake. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakai nyumbani. Akaniambia kila simu ikilia anaona gari limesimama mlimani na kuna mtu ndani. Bosi akaandaa mkataba mwingine, nasi tukafurahi, na katika kufurahi kwetu hakuna aliyemkumbuka Mwalimu.

Mapema mwaka huu Mwalimu mwenyewe alikuja dirishani kwangu. Alikuja akipapasa ukuta. Nilidhani anamtafuta mkewe, nikamwambia yuko shimoni chini ya basi la wafanyakazi, akasema hapana, amekuja kwangu na kwa bosi. Nikamwita bosi. Nikamwekea mzee kiti, akakataa kukaa. Alituambia kwa ile sauti ya darasani, taratibu, bila kukunja uso:

"Wanangu, sina ugomvi na nyinyi. Jicho la kushoto limeshakwenda, limekwenda tukiwangoja nyinyi. Hili la kulia daktari mwenyewe hana hakika nalo. Naomba mniachie mke wangu, nikawaone wale watoto."

Bosi aligeukia ukuta. Mimi nilijitia natafuta boksi la fyuzi. Tulipogeuka Mama Cheche alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi, na hatukujua amefika pale tangu lini. Alinawa, akavua overoli akaitundika msumarini, akamshika mumewe mkono wakaondoka, na jua lilikuwa bado juu. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kumwona akiacha gari limefunguliwa. Kesho yake alikwenda kwa bosi na tarehe, ndiyo hiyo mliyoisoma pale juu. Hakuomba ruhusa, aliarifu.

Miezi iliyobaki aliifanya ya kufundisha, na ufundishaji wake ulikuwa wa kukaa kimya. Aliketi kwenye benchi, mikono ndani ya mifuko ya overoli, Haraka akafanya kila kitu. Haraka akigeuka kuuliza, yeye anatazama dari. Iliwachosha wote wawili, na ilituchosha sisi tuliokuwa tunatazama. Kuna siku Haraka alikaa na plagi moja muda wote wa chai, akiipima na kuipima tena, na Mama Cheche akaitazama dari ile mpaka nikaanza kudhani kuna kitu kule juu. Lakini simu za kuuliza zikakoma. Bosi naye, kwa heshima aliyopaswa kuionyesha mapema zaidi, aliichukua ile pampu ya maji mwenyewe akawapa watu wa bustani. Injini zetu sasa zinafutwa kwa kitambaa, na wakaguzi wakitaka kung'ariwa waende bustanini.

Jumatano iliyopita ilikuwa siku yake ya mwisho ya kazi, kabla ya likizo itakayomfikisha tarehe yake. Saa za kuondoka zilikuwa zimekaribia, mkoba ameshauweka begani, Breki akaingia na gari la wagonjwa linamisi. Hakuna aliyepanga, naapa. Haraka akafunga milango. Akanyunyiza maji, akainama, akakaa hivyo mpaka migongo yetu sisi ndiyo iliyouma, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ameiona. Aliacha injini ipoe, akaja dirishani kwangu na koili na plagi yake, vyote vinadondosha mafuta, akasema gasketi ya juu imepasuka ndiyo iliyoua. Nikampa koili. Nikampa na gasketi, maana alishaiomba kabla sijauliza. Akarudi, akafunga gasketi, akakausha shimo, akapima mwanya wa plagi mpya, akatia grisi, akabonyeza soketi. Alichukua muda wake, kama kawaida, na katika muda wote huo Mama Cheche hakutoka kwenye benchi.

Haraka alipopanda nyuma ya usukani na kushika ufunguo, karakana nzima iligeuka, na hakuna aliyekuwa anatazama gari. Tulikuwa tunamtazama Mama Cheche. Mwalimu alikuwa ameshafika, tulimwona kupitia mlango wa pembeni, kasimama getini na fimbo yake. Mama Cheche alinyanyuka, akajikung'uta, akasema, "Mzee wa watu amesimama juani," akatoka. Hakungoja injini iwashwe. Miaka yote hii hajawahi kuliacha gari kabla hajalisikia, na mimi niliyemtazama akivuka uwanja ule naweza kusema ndiyo kazi nzito kuliko zote alizofanya hapa. Hakugeuka nyuma. Nilimpenda sana dakika ile, na sioni haya kuliandika.

Kwa niaba ya bosi, madereva, mafundi, wauguzi waliosafiri na magari yetu wakafika, na wagonjwa ambao hawatajua kamwe kwamba koili ipo duniani, tunakushukuru, Mama Cheche. Tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako. Tunamshukuru Mwalimu kwa miaka aliyotuazima, na tunamwomba radhi kwa ile tuliyoichukua bila kuomba.

Najua ukifika hapa utakuwa unatafuta kama gari lile liliwaka. Tumekubaliana karakana nzima, kuanzia bosi mpaka Breki, kwamba hatukuambii. Ukipiga simu, haitapokewa. Ukija kuangalia tu, Haraka ameagizwa akufungie geti, na kwa mara ya kwanza ameahidi kufanya jambo upesi. Tunawatakia wewe na Mwalimu maisha mema na marefu huko muendako. Nenda, mama. Kuna watoto watatu wanangoja kuonwa.